Boya Halijioshi Lenyewe

Wasee, leo tuanze na tusi. Huko Pwani, na zaidi kule Bongo, mtu akikuita boya hajakusifu. Anamaanisha umekaa tu, unaelea, mambo yanakupita kushoto na kulia na huna habari. Ni tusi tamu kwa utani na sina mpango wa kulipiga marufuku. Lakini nimekaa wiki kadhaa nikisoma historia ya boya lenyewe, lile la baharini, na sasa nina kesi ya kulitetea.

Kesi yangu ni hii. Boya likiwa majini linafanya kazi mchana na usiku, ila haliwezi kujitunza. Kila baada ya muda lazima watu waende na meli, walinase, waliinue, walikwangue, wapime mnyororo wake, warekebishe taa, kisha walirudishe palepale. Hiyo kazi ya kulitoa majini ndiyo yenye hatari. Historia inawakumbuka waliovumbua taa na waliokata utepe bandarini. Hawa wa kuinua na kukwangua wanatajwa kwa nadra, na mara nyingi wakitajwa huwa wameshakufa. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sitajifanya profesa hapa. Ila nchi inayosema kila siku kwamba inataka kula kutoka baharini inafaa iwajue hawa watu.

Unachokiona ni kichwa tu

Ukisimama karibu na lango la Kilindini utaona vitu vyekundu na vya kijani vinaelea. Hayo ndiyo maboya ya njia ya meli. Meli ikitoka bahari kuu kuingia bandarini, boya jekundu linakaa kushoto kwake na la kijani kulia. Nahodha akipita katikati anajua maji yana kina cha kumtosha. Ukienda Marekani ni kinyume: jekundu linakaa kulia ukiingia. Zamani ilikuwa vurugu zaidi, kwa sababu duniani kulikuwa na mitindo zaidi ya 30 ya kupanga maboya. Mwaka 1980 nchi zilikubaliana kupunguza hadi maeneo mawili tu, na sisi tukawa upande mmoja na Ulaya.

Sasa, kile kichwa unachokiona ni sehemu ndogo ya mambo. Chini yake kuna mnyororo mzito wa chuma, mara nyingi mrefu mara mbili au tatu kuliko kina cha maji, ili boya liweze kupanda na kushuka na maji kujaa na kupwa. Mwisho wa mnyororo kuna uzito, siku hizi kwa kawaida bonge la zege la tani kadhaa, limekaa kwenye matope. Boya kubwa la baharini lenyewe linaweza kuwa na upana wa zaidi ya mita mbili na urefu wa karibu mita nane. Hicho si kitu cha kuvuta kwa mkono.

Na kila kitu hapo kinalika. Ile sehemu ya mnyororo inayosugua chini ya bahari inasagika kidogo kidogo kila wimbi linapopita, mpaka pete iliyokuwa nene kama kifundo cha mkono inabaki nyembamba kama kidole. Magugu na viumbe wenye magamba wanajibandika tumboni mwa boya, linakuwa zito, linazama chini ya kiwango chake. Ndege nao wanatua juu na kupaka taa rangi yao. Ukiliacha hivyo, siku moja mnyororo unakatika na boya linaondoka na maji.

Hapo ndipo shida inapoanza. Boya lililohama ni baya kuliko boya ambalo halipo. Kama halipo, nahodha anapunguza mwendo na kuwa macho. Likiwa limehama, analiamini, anageuza meli pale linapomwelekeza, na meli inapanda mwamba.

Enzi za pipa na mhasibu

Maboya ni ya zamani sana. Kitabu cha waongoza meli cha Italia cha karne ya 13 tayari kinataja boya kwenye mto Guadalquivir, njia ya kwenda Seville. Wakati huo na kwa karne nyingi baadaye, boya lilikuwa pipa la mbao lililozibwa vizuri, au gogo tu, limefungwa kwa kamba au mnyororo kwenye jiwe kubwa. Uingereza walikuwa na Trinity House, chama cha mabaharia kilichopewa hati na mfalme Henry VIII mwaka 1514, na hadi leo bado kinatunza minara ya taa na maboya.

Lakini mimi nitaifuata Marekani, kwa sababu kule safari nzima ya hii kazi imeandikwa, pamoja na makosa na makaburi.

Tarehe 7 Agosti 1789, serikali ya Marekani ikiwa na miezi michache tu tangu ianze, bunge lilipitisha sheria ya kuchukua minara ya taa na maboya yote yawe mzigo wa serikali kuu. Fikiria, nchi haijakauka wino na tayari inajadili nani atalipia maboya. Hawakuwa wajinga. Mapato yao makubwa yalikuwa ushuru wa bidhaa zilizokuja kwa meli, na meli ikizama, ushuru unazama nayo.

Tatizo lilikuja baadaye, na Mkenya yeyote ataielewa hii stori haraka. Kuanzia 1820 hadi 1852 kazi yote iliwekwa chini ya mtu mmoja wa hazina anayeitwa Stephen Pleasonton. Huyu hakuwa mtu mbaya. Mwaka 1814, Waingereza walipokuwa wanakuja kuichoma Washington, yeye ndiye aliyehakikisha hati za taifa zinatolewa mjini, ikiwemo ile hati ya uhuru. Ila alikuwa mhasibu, na bahari hakuijua. Kipimo chake cha kazi nzuri kilikuwa bei ya chini. Kazi nyingi ilitolewa kwa tenda, na mwenye bei ndogo anachukua.

Matokeo yake ni yale unayoyajua. Mwaka 1851 wataalamu walitumwa kuchunguza, wakarudi na ripoti ya zaidi ya kurasa 700 yenye malalamiko: taa dhaifu, usimamizi mbovu, mabaharia hawaamini alama zao. Mwaka uliofuata Pleasonton akaondolewa, na bodi ya watu wanaojua kazi, maofisa wa majini, wahandisi na wanasayansi, ikashika usukani. Tayari mwaka 1850 sheria ilikuwa imeamua rangi na namba za maboya zifanane nchi nzima: mekundu yenye namba shufwa kulia ukiingia, meusi yenye namba witiri kushoto.

Na mwaka 1857 ikazinduliwa Shubrick, meli yao ya kwanza ya mvuke iliyojengwa mahsusi kwa hii huduma. Hapa ndipo mambo yanabadilika kwa yule mtu wa kuinua. Mtu wa tenda alikuwa anakuja na chombo chochote alichonacho, cha uvuvi au cha mizigo, na kuvuta boya ubavuni kwa namna anavyojua. Meli iliyojengwa kwa ajili ya maboya ina nafasi wazi ya kufanyia kazi iliyo karibu na maji, ina mlingoti imara wa kuinulia, na ina injini ya kuishikilia mahali pamoja mkondo unapoisukuma. Usalama ulianza pale, kwenye umbo la chombo, kabla hata ya kofia ngumu kuvumbuliwa.

Halafu wakawa na desturi nzuri sana. Hizi meli wakazipa majina ya miti na maua. Chombo kimejaa kutu, grisi na matope, kinaitwa jina la ua. Mabaharia wana ucheshi wao.

Taa ikaja na bomu lake

Mpaka hapo boya lilikuwa halina taa. Usiku nahodha alibahatisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Wamarekani wakaweka nje ya New York boya lenye taa ya gesi, teknolojia ya Mjerumani Julius Pintsch. Gesi ilishindiliwa ndani ya tumbo la boya na kuwaka polepole kwa wiki nyingi.

Umeona kilichotokea? Boya limekuwa mtungi. Sasa yule jamaa anayelinasa kwenye mawimbi, analigonga ubavuni mwa meli, analibwaga kwenye sitaha ya chuma, anashughulika na mtungi mkubwa wa gesi. Mtu yeyote aliyewahi kubeba mtungi wa gesi kwa bodaboda anajua hiyo hofu, sasa izidishe mara mia na uweke mawimbi.

Baadaye ikaja gesi ya asetilini, yenye mwanga mkali zaidi na hasira zaidi. Mswidi Gustaf Dalén ndiye aliyeifuga. Alitengeneza kitu kinachoitwa valvu ya jua. Ndani yake kuna fimbo nyeusi inayofyonza mwanga. Jua likichomoza fimbo inatanuka kidogo sana, inafunga gesi, taa inazimika. Giza likiingia inasinyaa, gesi inapita, taa inawaka. Hakuna saa, hakuna mtu. Pia alipata njia ya kuhifadhi asetilini kwenye mtungi bila kulipuka kwa mtikisiko. Boya likaweza kukaa miezi mingi bila kutembelewa.

Mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyo. Mwaka huohuo, akiwa kwenye majaribio ya mitungi, mlipuko ukamtokea usoni. Akapofuka kabisa. Ndugu yake ndiye aliyekwenda kupokea tuzo kwa niaba yake. Dalén aliendelea kuongoza kampuni yake, AGA, akiwa haoni, hadi alipofariki mwaka 1937.

Mtu aliyewapa mabaharia mwanga akapoteza wake. Lakini mimi kinachonigusa zaidi ni upande mwingine wa uvumbuzi wake. Kila mwezi ambao boya linakaa bila kuhitaji gesi mpya, ni safari moja ya hatari ambayo haifanyiki. Watu husahau hiyo hesabu. Njia ya kwanza ya kumlinda mtu wa kuinua boya ni kupunguza mara ambazo lazima aliinue.

Gesi ilipoondoka yakaja mabetri, na mabetri nayo yana ujanja wao. Betri ikifungiwa tumboni mwa boya inaweza kutoa haidrojeni. Ukifungua kifuniko haraka na cheche ikapita, unajua kilichobaki. Ndiyo maana kanuni ikawa kwamba boya lipewe nafasi ya kupumua kwanza, hewa ibadilike, hakuna sigara wala moto karibu, ndipo mtu aingize mkono. Siku hizi paneli za sola na taa ndogo zinazokula umeme kidogo zimepunguza hiyo shida, na zimefanya safari ziwe chache zaidi.

Jinsi ya kulitoa bila kuzika mtu

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu ukiielewa ndipo utaheshimu.

Kwanza, meli inalikaribia boya polepole, ikielekea mkondo au upepo, ule ulio na nguvu zaidi siku hiyo. Hii inampa nahodha breki. Ukija na mkondo nyuma yako, boya ndilo litakuamulia. Linaletwa ubavuni, karibu na ile nafasi ya kufanyia kazi, na mtu anainama na mti mrefu kuingiza ndoano kwenye jicho la boya. Huyu anayeinama ndiye aliye karibu zaidi na kuanguka. Jaketi la kuokoa maisha linavaliwa kabla ya kukaribia, si baada ya kuona wimbi.

Pili, kuinua. Boya likiwa majini linaonekana pole. Likitoka tu, linakuwa tani kadhaa za chuma zinazobembea, na meli nayo inabembea kwa mdundo wake. Kwa hiyo linafungwa kamba za pembeni zinazolizuia lisizunguke. Mtu mmoja tu ndiye anampa ishara mwendesha kreni. Wakitoa ishara watu wawili, kuna siku zitapishana. Lakini kusimamisha kazi ni tofauti: yeyote, hata yule aliyeajiriwa jana, akipiga kelele ya simama, kila kitu kinasimama, maswali baadaye. Na hakuna anayesimama chini ya mzigo, au kati ya mzigo na ukuta wa meli, au ndani ya duara la kamba iliyolala sitahani. Ile kamba ikikaza ghafla inakuwa kisu.

Tatu, kulilaza na kulifunga. Likishagusa sitaha linafungwa kwa minyororo kabla mtu yeyote hajaanza kulikwangua. Mnyororo wake unabanwa kwenye kizuizi cha chuma kwenye ukingo wa meli, ili uzito wa kule chini usiuvute kurudi. Ndipo wanauvuta sehemu kwa sehemu, wanazipima pete kwa kipimo, na zilizosagika wanazitupa. Jiwe la zege linaweza kuwa limezama kwenye matope na kung'ang'ania. Ukililazimisha kwa hasira, meli nzima inainama. Unalivuta kwa subira, unaacha mawimbi yakusaidie, linaachia.

Nne, kulirudisha, na wengi wanasema hapa ndipo moyo unadunda. Jiwe linaning'inia ukingoni, mnyororo umepangwa sitahani, mahali panathibitishwa. Zamani walipima pembe za alama za nchi kavu kwa sekstanti, sasa wanatumia setilaiti. Kizuizi kinafunguliwa, jiwe linaondoka, na mnyororo unaufuata uzito wake kwa kishindo, ukiruka na kutoa vumbi la kutu. Katika hizo sekunde chache, mguu ukiwa mahali pabaya hakuna kreni wala maombi yatakayousimamisha. Kila mtu anajua mahali pake kabla ya nyundo kupigwa.

Ukisoma hizo hatua harakaharaka utadhani ni urasimu. Lakini jiulize kwa nini mtu aliandika usisimame ndani ya duara la kamba. Sheria kama hiyo mara nyingi huandikwa baada ya mtu kusimama hapo.

Mto uliofunika, na ghuba ya Tampa

Mwaka 1939 kazi ya minara na maboya ya Marekani ilihamishiwa Kikosi cha Walinzi wa Pwani. Vita vikawakuta, na kati ya 1942 na 1944 wakajenga meli 39 za maboya za muundo mmoja, karibu zote katika mji wa Duluth, Minnesota, kando ya ziwa na maelfu ya kilomita kutoka bahari kuu. Zilikuwa na urefu wa mita 55 hivi na zilikuwa ngumu kama punda. Ya mwisho ilistaafu mwaka 2006, zaidi ya miaka 60 baadaye.

Lakini ubora wa meli hauondoi hatari moja kubwa ya hii kazi: maboya yako kwenye njia ya meli, kwa hiyo na wewe maisha yako yote unakaa kwenye njia ya meli. Meli ya maboya ni kama yule jamaa wa kufagia barabara ya Thika saa kumi na moja alfajiri. Matrela hayajasimama kwa ajili yake.

Tarehe 7 Desemba 1968, meli ndogo ya maboya inayoitwa White Alder iligongana na meli ya mizigo kwenye mto Mississippi, karibu na mji wa White Castle, Louisiana. Walikuwemo watu 20. Watatu tu ndio waliotoka hai. Mto ule unabeba matope mengi sana, na uliifunika meli haraka kiasi kwamba iliachwa hukohuko. Miili 14 bado iko chini hadi leo.

Miaka 11 na kidogo baadaye ikawa zamu ya Blackthorn, mojawapo ya zile 39. Usiku wa tarehe 28 Januari 1980 ilikuwa inatoka Tampa, Florida, baada ya kukaa gatini ikifanyiwa matengenezo. Yaani meli ya kutengeneza maboya nayo ilikuwa imetoka kutengenezwa. Ilikuwa na watu 50. Kwenye njia nyembamba ya ghuba ikakutana na meli ya mafuta, Capricorn, inayoingia ikiwa na shehena. Muda mfupi kabla, meli ya abiria yenye taa nyingi ilikuwa imeipita Blackthorn.

Zikagongana. Mgongano wenyewe pengine usingeizamisha. Ila nanga ya Capricorn ilichoma ubavu wa Blackthorn na kung'ang'ania. Meli zikazidi kuachana, mnyororo wa nanga ukatoka, ukatoka, ukaisha, ukakaza. Ulipokaza ukaipindua Blackthorn kama sahani. Watu 23 walikufa. Hawa ni watu waliokuwa wanaishi na minyororo kila siku, wanaojua vizuri kuliko yeyote kinachotokea mnyororo unapofika mwisho.

Uchunguzi uligusa mambo ya kawaida kabisa: kukaa upande wako wa kulia wa njia, na kujulishana nia kwa wakati. Baadaye kikosi kilibadilisha jinsi kinavyowaandaa maofisa kabla ya kuwapa meli waiongoze.

Kati ya wale 23 alikuwemo kijana wa miaka 18, William Flores, wote walimwita Billy. Hakuwa amemaliza hata mwaka tangu atoke mafunzoni. Cheo chake kilikuwa cha chini, wa kutumwa huku na kule. Meli ilipoanza kupinduka, yeye na mwenzake walibaki wakiwarushia majaketi wenzao waliokuwa majini. Mwenzake akaruka. Billy akabaki. Akavua mshipi wake wa suruali, akaufunga mlango wa kabati la majaketi ili ukae wazi, na meli ilipozama majaketi yaliyobaki yakaelea yenyewe hadi kwa watu waliokuwa wanayahitaji.

Mwaka 2000 ndipo alipopewa nishani ya ushujaa ya kikosi hicho. Miaka 20 baada ya kufa. Mwaka 2012 meli moja ya doria ikapewa jina lake, na sherehe ikafanyika hapohapo Tampa.

Nimesoma hiyo stori ya mshipi mara nyingi. Kijana mdogo kuliko mimi, asiye na digrii, asiye na cheo, katika dakika chache za mwisho alifanya kile ambacho mfumo mzima ulipaswa kuwa umefanya mapema. Kabati la majaketi halifai kuhitaji mshipi wa mtu ili lifunguke meli inapozama. Ushujaa wake ni mkubwa, sikatai. Ila kila ninapousoma naona pia mlango ambao mtu fulani angeutengeneza vizuri akiwa nchi kavu, bila haraka, kwa pesa kidogo.

Na sisi je?

Hapa Kenya tunapenda uzinduzi. Novemba 2018 tulizindua Walinzi wa Pwani wetu wenyewe kule Mombasa, na mwezi huohuo Nairobi ikakaribisha mkutano mkubwa wa dunia kuhusu uchumi wa buluu. Mei 2021 gati la kwanza la Lamu likafunguliwa. Mambo mazuri, nilishangilia kama wewe. Lakini kila meli inayoingia Lamu au Kilindini inaamini vitu vinavyoelea, na vile vitu havijioshi.

Kwa hivyo siku nyingine kiongozi akisimama kutuambia kuhusu bandari, mimi ningependa tumuulize maswali ya mtu wa kukwangua. Minyororo ya maboya inapimwa kila baada ya muda gani? Bajeti ya kuyatunza ni mstari wake mwenyewe, au ni yale mabaki baada ya uzinduzi? Anayeinama ukingoni kunasa boya amefundishwa na nani, na amevaa nini? Bima yake iko wapi? Na yule mdogo kabisa kazini akipiga kelele ya simama, kreni inasimama, ama anaambiwa hajui kitu?

Hilo swali la mwisho lifuate hadi nchi kavu. Lipeleke mjengo, lipeleke kiwandani, lipeleke kwa vijana wanaopanda nguzo za stima. Pleasonton alithibitisha kwa miaka 32 kwamba unaweza kuokoa pesa ukawa na vitabu safi vya hesabu huku alama za baharini zikioza. Sisi hatuhitaji kurudia hilo somo kwa gharama yetu.

Na wewe, wiki hii mtu akikuita boya, usikasirike. Muulize tu kwa upole: umeshaupima mnyororo wangu?